Nasaba ya Kukeni: Mitokondria, Jina na Fukusi wa Mikaratusi



1. Utangulizi

Katika mhadhara huu ninakusudia kuzungumzia mdudu anayekula majani ya mikaratusi, pamoja na sehemu ya urithi ambayo mdudu huyo huipata kwa mama yake peke yake. Mada hii ina nafasi katika mihadhara ya taaluma ya Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, kiini cha kisa chenyewe ni jina. Kwa muda mrefu wataalamu wa misitu wa Afrika, Ulaya na Amerika Kusini walitumia jina moja kwa wadudu ambao hawakuwa wa spishi moja, na jina hilo likaongoza uamuzi wa namna ya kupambana nao. Pili, somo la mitokondria ni somo la ukoo, na Kiswahili kina msamiati mpana wa ukoo ambao bado hatujautumia ipasavyo katika kueleza sayansi.

Hoja yangu ni hii: jina huweza kuficha nasaba, na anayetegemea jina bila kuichunguza nasaba huweza kumtafutia mdudu adui asiyemfaa. Nitaanza na mti na mdudu wake, nieleze mitokondria, nionyeshe ushahidi wake ulivyosomwa, niutaje upungufu wa ushahidi huo, kisha nirudi katika istilahi.

2. Mti mgeni na mdudu aliyemfuata

Asili ya mikaratusi iliyo mingi ni Australia. Nchini Kenya miti hii ililetwa mwaka 1902 ili kutoa kuni za kuendeshea garimoshi za Reli ya Uganda. Leo hutoa nguzo za umeme, mbao, na kuni za viwanda vya chai na za majumbani. Neno lenyewe limezoea makazi mapya: limeingia katika ngeli ya M-/MI- na kuzaa mkaratusi na mikaratusi, na wazungumzaji wengine husema mkalitusi.

Mti huu ulisafiri kama mbegu, na mbegu haibebi wadudu wa majani. Kwa miaka mingi, basi, ulistawi ugenini bila maadui zake wa nyumbani. Maadui hao walifuata baadaye. Mwaka 1916, karibu na Cape Town nchini Afrika Kusini, aligunduliwa mbawakawa wa rangi ya hudhurungi mwenye kichwa kilichochongoka kama pua. Kwa Kiswahili mbawakawa wa namna hii huitwa fukusi, jina ambalo wengi wetu tunalijua kutokana na wale wanaotoboa nafaka ghalani. Fukusi wa mikaratusi hula majani machanga na vichipukizi vya kileleni. Buu wake hula majani pia, kisha hushuka ardhini kugeuka. Jike hutaga mayai katika vifuko vidogo juu ya majani na kuvifunika kwa kinyesi kinachokauka na kuwa kigumu. Mti unaoshambuliwa mara kwa mara hupoteza kilele, hutoa matawi mengi membamba kama ufagio, na hauwi tena nguzo wala ubao. Katika miaka ya 1940 fukusi huyu alikuwa amekwisha kufika Afrika Mashariki.

Wataalamu walimtambua kwa jina la Gonipterus scutellatus, jina lililotolewa na Gyllenhal mwaka 1833. Kisha wakamtafutia adui wa asili. Mwaka 1926 aliletwa Afrika Kusini nyigu mdogo sana kutoka kusini mwa Australia, aitwaye Anaphes nitens, mwenye urefu wa takriban milimita moja. Nyigu huyu hutaga mayai yake ndani ya mayai ya fukusi, na mtoto wake hula yai alimozaliwa. Mafanikio yake huko Afrika Kusini yakawa mfano maarufu wa udhibiti wa kibiolojia. Kutoka hapo alipelekwa Kenya, na katika miongo iliyofuata nchi nyingine zilizopata taabu ya fukusi zikamwagiza.

Katika miaka ya 1990 fukusi alionekana kaskazini-magharibi mwa Hispania na nchini Ureno. Jina aliloandikiwa lilikuwa lile lile la scutellatus, na dawa iliyopendekezwa ikawa ile ile. Safari hii nyigu alifanya kazi kwa nusu. Katika maeneo ya chini yenye joto aliwapunguza fukusi; katika nyanda za juu zenye baridi mashamba yaliendelea kupukutika. Maelezo ya hali ya hewa yalitolewa, nayo yalikuwa na ukweli ndani yake. Lakini swali la msingi zaidi lilikuwa halijaulizwa: je, huyu ndiye yule?

3. Mitokondria na urithi wa tumbo

Ndani ya kila seli ya mnyama mna kiini, na kiini huhifadhi sehemu kubwa ya vinasaba vyake. Vinasaba vya kiini hutoka kwa wazazi wawili. Nje ya kiini, katika kioevu kizito kinachokizunguka, mna mitokondria, vijumba vidogo vinavyogeuza chakula kuwa nishati. Mitokondria zina DNA yake zenyewe, fupi na yenye umbo la pete kwa wanyama walio wengi. Maelezo yaliyokubaliwa na wanabiolojia, ambayo Lynn Margulis aliyatetea tangu mwaka 1967, ni kwamba zamani za kale mitokondria zilikuwa bakteria waliojitegemea. Waliingia katika seli kubwa zaidi, wakabaki humo kama wageni, hatimaye wakawa wenyeji. DNA ya mitokondria ya binadamu ina jozi 16,569 za besi na jeni 37. Kwa kawaida wadudu nao wana jeni 37 katika mitokondria zao.

Jambo linalotuhusu zaidi ni njia ya urithi. Mbegu ya dume huchangia vinasaba vya kiini. Mitokondria za mtoto, kwa wanyama walio wengi, hutoka katika yai la mama. Mtoto wa kiume huzipokea lakini hazipitishi. Mtoto wa kike huzipokea na kuwapa wanawe wote.

Kwa Kiswahili tuna maneno mawili yanayotenganisha pande za ukoo: kuumeni, yaani upande wa baba, na kukeni, yaani upande wa mama. Tena tuna usemi wa ndugu wa tumbo moja, unaotofautisha waliozaliwa na mama mmoja na wale wanaochangia baba tu. Mtu aliyelelewa katika lugha hii ana dhana ya urithi wa mitokondria kabla ya kufundishwa neno mitokondria. Watoto wa tumbo moja wana mitokondria za aina moja. Mama yao na mama mdogo wao nao wanazo zizo hizo. Shangazi yao, aliye wa kuumeni, ana za tumbo jingine.

Zipo sababu tatu zinazoifanya DNA hii ipendwe na wachunguzi wa wadudu. Ya kwanza ni wingi wake: seli moja huwa na nakala mamia hadi maelfu, hivyo hata mguu wa mdudu aliyekauka katika sanduku la makumbusho huweza kutoa ushahidi. Ya pili ni kwamba kwa kawaida haichanganywi na urithi wa baba katika kila kizazi, kwa hiyo mkondo wake hufuatika. Ya tatu ni kwamba kwa wanyama hubadilika haraka kuliko sehemu nyingi za vinasaba vya kiini.

4. Kosa la mnakili na herufi 658

Wanafunzi wa miswada ya kale ya Kiswahili wanaijua kanuni inayotumika hapa. Mnakili anapoiandika upya tenzi iliyo mbele yake, mara nyingine hukosea neno. Atakayenakili kutoka kwake atalirudia kosa hilo na huenda akaongeza la kwake. Tukikuta nakala mbili zenye kosa moja mahali pamoja, tunakisia kwamba zimetokana na nakala mama moja. DNA ya mitokondria nayo hunakiliwa kutoka kwa mama hadi kwa mwana, na makosa machache yanayosalia hurithiwa. Kwa kuyalinganisha makosa hayo tunaweza kuchora mti wa nasaba.

Wachunguzi hawahitaji kuisoma DNA yote. Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada walipendekeza kwamba kipande kimoja cha jeni iitwayo COI kitumike kuwatambulisha wanyama, kama mistari iliyochapishwa juu ya bidhaa inavyoitambulisha dukani. Kipande hicho kina urefu wa takriban herufi 658, na kila herufi ni moja ya besi nne: adenini, sitosini, guanini au thaimini.

Hapa hesabu ndogo ina faida. Makadirio yaliyotumiwa sana kwa wadudu, yaliyotolewa na Brower mwaka 1994, ni kwamba mitokondria za koo mbili zilizotengana huachana kwa asilimia 2.3 katika kila miaka milioni moja. Katika kipande cha herufi 658 hiyo ni tofauti ya herufi kama 15 kwa miaka milioni. Kwa miaka 100 tofauti inayotarajiwa ni sehemu ndogo sana ya herufi moja, yaani kwa kawaida hakuna. Makadirio haya yana utata, na viwango hutofautiana baina ya makundi ya wadudu. Hata hivyo hoja haibadiliki. Fukusi alitoka kwao karne moja iliyopita. Tukichukua fukusi wa Afrika na fukusi wa Ureno na kukuta tofauti za herufi nyingi, tofauti hizo haziwezi kuwa zimezaliwa ugenini. Zililetwa kutoka nyumbani. Wadudu hao walikuwa wametengana zamani mno, kabla hata ya kuwapo meli ya kuwabeba.

Kinyume chake nacho kina maana. Wageni wanaofika nchi mpya aghalabu ni wachache, pengine majike machache waliojificha katika shehena. Kwa hiyo katika nchi walikovamia huonekana matumbo machache, ilhali nyumbani kwao matumbo ni mengi. Wanabiolojia huiita hali hii athari ya waasisi. Mchunguzi akilikuta tumbo lile lile la ugenini katika eneo fulani la Australia, amepata dalili nzuri ya mahali pa kuanzia safari ya kutafuta nyigu.

5. Walioishi chini ya jina moja

Mwaka 2012 Mapondera na wenzake walichapisha uchunguzi wa fukusi waliokusanywa Australia na katika nchi zilizovamiwa. Walitumia DNA ya mitokondria pamoja na umbo la viungo vya uzazi vya dume, ambavyo kwa mbawakawa mara nyingi hutofautiana hata pale umbo la nje linapofanana. Jina moja la Gonipterus scutellatus lilikuwa limefunika angalau spishi nane.

Matokeo yao yanastahili kutazamwa kwa makini na kila anayeshughulika na majina. Mdudu wa Hispania na Ureno, ambaye pia yupo New Zealand, Amerika na magharibi mwa Australia, ni Gonipterus platensis. Spishi hii asili yake ni Tasmania, kisiwa cha kusini chenye baridi. Lakini jina lake, lililotolewa na Marelli mwaka 1926, linatokana na Río de la Plata huko Amerika Kusini, alikokuwa mgeni. Mashariki mwa Amerika Kusini yupo pia Gonipterus pulverulentus, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akiitwa gibberus, jina la ndugu yake. Mdudu wa Afrika, anayepatikana vilevile Ufaransa na Italia, ni spishi ya tatu. Hii haikuwa na jina la kitaalamu hata kidogo; waandishi waliiandika kwa namba tu, kama spishi mpya ya pili. Naye scutellatus halisi, mwenye jina lililoandikwa katika taarifa za nchi zote hizo, hakuwa miongoni mwa wavamizi.

Tazama basi hali ilivyokuwa. Mdudu aliyepigwa vita Afrika tangu 1916 alikuwa amepigwa vita kwa jina la mwingine. Bahati ilikuwa upande wa Afrika: nyigu aliyeletwa alimfaa. Katika Rasi ya Iberia jina lile lile lilimleta nyigu yule yule kwa mdudu mwingine, aliyezoea baridi ya Tasmania. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Hawakulazimika kutuambia ni nyoka yupi. Kwa mganga mwenye dawa ya sumu ya nyoka mmoja, swali hilo la pili ndilo lenye uzima na mauti.

Kutambuliwa kwa platensis kuliipa nguvu hoja ya kutafuta maadui wengine Tasmania kwenyewe, na watafiti wa Ureno na wa Chile walielekeza macho huko kwa spishi nyingine za nyigu wa jenasi ya Anaphes. Kazi ya namna hiyo huchukua miaka, kwa kuwa nyigu mgeni naye sharti achunguzwe kwanza asije akageuka kuwa mzigo mwingine.

6. Mipaka ya ushahidi wa kukeni

Ushahidi wa mitokondria ni ushahidi wa upande mmoja. Anayeijua nasaba ya kukeni peke yake haijui ya kuumeni. Ikiwa spishi mbili zimepandana, mitokondria zitaonyesha mama tu, na mchunguzi atamwita mtoto kwa jina la upande mmoja. Ndiyo maana vinasaba vya kiini na maumbo ya mwili huhitajika kama mashahidi wengine. Aidha, vipande vya DNA ya mitokondria huweza kuhamia katika kiini na kubaki humo kama nakala zilizokufa, nazo zikisomwa kwa bahati mbaya huupotosha mti wa nasaba.

Mfano wa tahadhari tunao nyumbani. Mwaka 2002 magharibi mwa Kenya alionekana nyigu mwingine wa mikaratusi, adui safari hii, anayesababisha vivimbe katika vikonyo na mishipa ya majani na kuidumaza miche. Mwaka 2004 alipewa jina la Leptocybe invasa. Katika sehemu nyingi majike wa nyigu huyu huzaa majike wenzao bila dume, na hali hiyo imehusishwa na bakteria wa kundi la Rickettsia wanaoishi mwilini mwao. Bakteria hawa hupita kwa mama kama mitokondria zinavyopita. Bakteria wakienea, mitokondria wanazosafiri nazo huenea pia, hata kama hazina ubora wowote wa kwao. Kwa hiyo kuenea kwa tumbo moja kunaweza kusimulia historia ya bakteria kuliko historia ya mdudu. Uchunguzi wa mitokondria umekwisha kuonyesha kwamba hata chini ya jina hili jipya kuna koo mbili zilizo tofauti. Hukumu juu ya uhusiano wake inahitaji mashahidi wa pande zote.

Sisi wa isimu historia tunalielewa jambo hili. Waliokitazama Kiswahili kwa msamiati wake wa Kiarabu pekee walidhani kuwa ni lugha chotara isiyo na ukoo. Ulinganishi wa sauti na mofolojia, kama ulivyofanywa na Nurse na Hinnebusch mwaka 1993, uliiweka lugha hii mahali pake miongoni mwa lugha za Sabaki, pamoja na Kipokomo, Kimijikenda, Kielwana na Kikomoro. Lakini mti huo wa nasaba peke yake hauelezi mikopo, ndoa na biashara zilizokijenga Kiswahili. Ukoo na mchanganyiko ni maswali mawili, na kila moja lina ushahidi wake.

7. Istilahi na wajibu wetu

Neno vinasaba ni mojawapo ya mafanikio ya uundaji wa istilahi, kwa sababu limesimama juu ya nasaba, neno ambalo kila msemaji analielewa. Ninapendekeza tuendelee katika njia hiyo. Kwa mkondo wa mitokondria tuseme nasaba ya kukeni. Kwa kundi lenye mfuatano mmoja wa herufi, neno tumbo linatosha katika maelezo ya jumla, na haplotipu libaki kwa maandishi ya kitaalamu. Kwa spishi zinazofanana kwa sura huku zikitofautiana kwa asili, spishi fiche. Kwa kipande cha COI, kipande tambulishi.

Neno linalohitaji uangalifu zaidi ni spishi vamizi. Baadhi ya waandishi husema spishi ngeni, lakini mgeni kwetu si adui: baada ya siku mbili hupewa jembe akalime. Mkaratusi ni mgeni aliyepewa jembe. Fukusi ni mvamizi. Kuyachanganya maneno haya mawili ni kumtia hatiani kila mgeni, au kumsamehe kila mvamizi.

Majina ya wananchi nayo yana elimu yake. Mdudu wa mahindi kutoka Amerika ya Kati alipoingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, wakulima walimpa jina la Scania, kwa mfano wa lori kubwa. Jina hilo lilieleza uharibifu kwa usahihi mkubwa. Jina sanifu likawa dumuzi, neno la zamani lililotwishwa maana mpya. Majina yote mawili yanafaa, mradi ofisa ugani ajue kwamba jina la tabia halimwambii mdudu huyu ametoka wapi, wala ni adui gani atakayemmudu.

Hapo ndipo kazi yetu ilipo. Taarifa za mitokondria huandikwa kwa lugha ambayo mwenye ekari mbili za mikaratusi haisomi, ilhali hasara ni yake. Akiambiwa kwa Kiswahili kwamba fukusi wa shambani mwake na fukusi wa Ureno hawakutoka tumbo moja, ataelewa mara moja kwa nini dawa ya mmoja huenda isimfae mwingine, na kwa nini akusanye wadudu wachache na kumpelekea mtaalamu kabla ya kukubali jina. Haihitaji kurahisishwa kwa kupunguzwa ukweli. Inahitaji mfasiri anayeielewa biolojia na anayeiheshimu lugha.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba kipande kifupi cha DNA kinachorithiwa kwa mama kiliweza kutenganisha wadudu walioishi chini ya jina moja, na kwamba utenganisho huo ulihusu mashamba, fedha na miaka ya kazi. Tumeona pia kwamba ushahidi huo una upande mmoja na sharti upimwe kwa mwingine. Ninawaomba wanafunzi wa isimu walioko hapa wasiiachie sayansi ya wadudu milango ya maabara peke yake. Orodha za istilahi za misitu na wadudu zinangoja watu wa kuzikagua neno kwa neno, wakiuliza kila mara: jina hili linamtaja nani, na nasaba yake ni ipi?